Kiti cha Shekhe Musallam

Ukisikia mtu anaitwa shekhe hapa Maskati usidhani lazima awe mwalimu wa chuoni mwenye tasbihi mkononi. Hao wapo, Mungu awazidishie. Shekhe ninayemsema miye ni shekhe wa kabila, mtu aliyeupata ukubwa kwa kuzaliwa: kapewa na baba yake, na baba yake alipewa na wake, na hakuna aliyeulizwa kama anautaka. Ndugu yangu Musallam ni shekhe wa namna hiyo. Nyumba yetu iko Hail, si mbali na bahari, na ubavuni mwa nyumba iko sabla, chumba cha kupokelea wageni wanaume, na mlango wake wa nje, mazulia yake, mito ya kuegemea, na kiyoyozi kinachokula umeme hata siku asipokuja mtu. Miye ni Shariffa, dada yake mkubwa. Niliachwa zamani nikarudi kwa ndugu yangu, na kahawa inayonywewa sablani naipika miye, jikoni, ambapo pana mlango mdogo wa kupitishia masinia. Mlango ule haufungi vizuri, kwa hiyo asije mtu akanambia sijui nnachokisema.

Tulizaliwa Pemba, Wete. Baba alikuwa na mikarafuu na alikuwa na ushekhe. Mikarafuu ilikwenda na mapinduzi, ushekhe ukabaki, maana huo haubebeki kwenye gari la mtu. Tulipopata njia ya kuja huku, Sultani aliyepita alipofungua mlango, Musallam alikuwa bado kijana wa kwenda skuli. Akifungua mdomo kusema Kiarabu chake, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Kule tulikuwa Waarabu, huku tukawa Wazinjibari. Maneno haya kila mtu keshayasema mpaka yamechuja, lakini hayajaacha kuuma.

Alisoma, maskini, alisoma kweli. Akaingia wizarani, akawa mpimaji wa barabara, na kazi ile aliipenda. Siku za Ijumaa akitupakia garini alikuwa hawezi kupita kona bila ya kutueleza kwa nini imepindwa vile. Baba alipokufa, wazee wa kabila wakaja wakakaa, wakamvisha joho la baba na wakamfunga jambia la baba kiunoni. Nilimkuta uani baada ya wageni kuondoka, na joho lake, analia. Nikamwambia, "Musallam, baba keshazikwa, nyamaza." Akanambia, "Silii baba, Shariffa. Nalia miye."

Na alikuwa na haki ya kulia. Ukubwa jalala, walisema wahenga, na kila mwenye taka zake alikuja kuzimwaga kwetu. Mke kagombana na mumewe, kwetu. Ndugu wamegombea kiwanja, kwetu. Mtu anataka kuthibitishiwa kuwa yeye ni wa kabila fulani, mwana wa fulani bin fulani, anakuja na karatasi yake, Musallam anauliza maswali mawili matatu halafu anapiga muhuri. Aliacha upimaji akastaafu kabla ya wakati wake kwa sababu ya watu hao. Akazoea. Tena nitasema kweli, akapenda. Mtu akiitwa "Shekhe" miaka nenda miaka rudi, na akikaa mahali pa juu kila arusi na kila azaa, matanga ya huku, hufika pahala akaona bila ya hayo yeye si mtu.

Basi ndipo mambo yakageuka. Serikali ikaweka kila kitu kwenye simu, vijana wakaona shekhe wa nini. Wageni wakapungua. Ilikuwa inafika wiki nzima nnapika kahawa ya asubuhi, naipeleka, naikuta jioni imepoa ndani ya dele, na ndugu yangu kakaa peke yake na joho lake anatazama taarifa ya habari. Alikuwa ananitia huruma, na huku ananichosha.

Hapo ndipo alipoanza kusema habari za Shura. Baraza la Shura watu hulipigia kura, kila wilaya na mjumbe wake, na wanawake tunapiga sawa na wanaume. Musallam akasema, "Baba yetu na babu yetu walikuwa wakiingia kwa wakubwa wakasikilizwa. Miye nikiwa Shura nitasikilizwa." Mara ya kwanza alipogombea aliangushwa vibaya. Hata watu wa kabila letu wenyewe walimpa mwengine. Alijifungia, akawa hali chakula. Mkewe, Masouda, akamwambia, "Baba Badr, kiti ni mbao tu. Unacho kitanda, unayo nyumba, unaye mwanao." Akajibu, "Hujui unalosema wewe."

Sasa nimtaje huyo Badr. Masouda alizaa binti, Reem, ambaye kaolewa Sohar, halafu mimba zikawa zinatoka, moja baada ya nyengine, mpaka watu wakaanza kumtafutia Musallam mke wa pili. Ndipo akaja Badr. Mtoto yule aliombwa, akaombewa, na akakua bila ya kuharibika, jambo ambalo hata leo silijui limewezekanaje. Mrefu, mwembamba, mchekaji. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji. Ushekhe hakuutaka hata kidogo. Alikuwa akiingia jikoni ananibusu kichwa, ananambia, "Shangazi, miye nikirithi joho la baba nitakushonea wewe mito." Nampiga na mwiko. Lakini baba yake alipotangaza kugombea mara ya pili, Badr ndiye aliyekuwa akimwendesha huku na huku, Sib, Khodh, Mawaleh, kila sabla, kila azaa, na ndiye aliyemfundisha kusema mbele ya kamera ya simu bila ya kukunja uso. Alikuwa akimwita "Mheshimiwa" kwa kumtania, na Musallam anajikasirisha huku anafurahi.

Siku ile ilikuwa alasiri. Badr alikwenda ufukweni kutununulia mishkaki, kwa sababu Masouda alikuwa na hamu nayo. Kule ufukweni kuna vijana wanaotia gari mbio halafu wanalizungusha mpaka matairi yanatoa moshi, na wenzao wamesimama wanapiga makofi. Polisi huwafukuza, na wao hurudi. Badr alikuwa anavuka na mfuko wake. Gari likamponyoka aliyekuwa akiliendesha.

Sitasema zaidi. Mwenye kutaka kujua mama alifanya nini alipoambiwa, naye aende akazae.

Dereva alikuwa kijana anaitwa Alaa. Hakuumia. Baba yake ni Maan, mfanyabiashara wa saruji na mabati, mtu wa ukoo mkubwa katika wilaya yetu. Wametapakaa kila mtaa, na wao hawasemi kila mtu lake. Akisema mkubwa wao kura ziende huku, huenda huku, wake kwa waume. Maan mwenyewe kazaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, na kila mtu atakwambia ni mtu mwema. Nami nasema hivyo hivyo. Alikuja azaa siku zote tatu, akakaa chini kabisa karibu na viatu, na kila alipokaribishwa juu akakataa.

Masouda katika eda ile ya majonzi, maana kwa mama ni eda hata kama sheria haisemi, hakulia kwa sauti. Alikuwa anasema neno moja tu. Anataka kesi ifike kwa hakimu, na kijana yule asimamishwe, aulizwe mbele yake: ulikuwa unacheza nini? "Sitaki anyongwe, wifi," aliniambia. "Sitaki pesa yao. Nataka aulizwe na mtu asiyemwonea haya. Nataka akose la kujibu, na miye nnamtazama." Nikamwambia hiyo ni haki yako, nani atakunyima.

Loo! Aliyemnyima alikuwa chumba cha pili.

Azaa ilipokwisha, na uchaguzi umekaribia, wakaja. Ilikuwa asubuhi, jua lishachomoza vizuri. Magari yalijaza njia yote. Wazee wa ukoo wa Maan na mashekhe wengine waliowachukua wawasindikize, wote na majoho na majambia, wakaingia sablani wakakaa. Nikajua wamekujia nini. Nikaipika kahawa, nikaipitisha, halafu nikasimama pale penye mlango mbovu. Masouda alikuwa juu, amelala. Daktari alimpa vidonge.

Na hapa lazima nieleze dasturi, maana ndiyo iliyotumaliza. Mgeni mwenye haja nzito akitiliwa kahawa haonji. Anakiweka kifinjani chini, mbele yake, kimejaa. Mwenye nyumba akikiona anajua. Akisema, "Kunywa kahawa yako," basi keshaikubali haja hata kabla haijatajwa, na neno la shekhe katika sabla yake likishatoka ndiyo limetoka. Ni aibu kubwa mgeni kuondoka na kahawa yake haikunywewa. Lakini ikiwa haja ni ya damu iko njia, na baba yetu aliijua, na Musallam alimwona baba akiipita kwa macho yake. Baba alikuwa anasema, "Karibuni, mmefika kwenu, lakini katika jambo hili nna wenzangu nyuma yangu. Nipeni muda niwaulize." Hapo hapana aibu. Wageni huinuka, wakarudi siku nyengine. Damu ya maiti haina mwenyewe mmoja.

Maan akakiweka kifinjani chini. Na wote waliokuja naye wakaweka vyao chini, mmoja mmoja, nasikia vinavyogonga sinia. Nikasema moyoni, sema, Musallam. Sema nna wenzangu. Maneno yenyewe hayajai mdomo.

Akasema, "Kunyweni kahawa zenu. Haja yenu imekwisha."

Kule sablani watu waliinuka wanamwombea dua, wengine wanalia, wanambusu bega. "Huu ndio ushekhe!" "Mtoto wa watu!" "Mwana wa baba yake!" Maan alipiga magoti, mtu mzima na ndevu zake, akataka kumshika miguu, na Musallam akamwinua. Walikuwapo walioshika simu juu. Kabla ya adhuhuri kila mtu wa wilaya alishaona Shekhe Musallam akimsamehe aliyemuulia mwanawe wa pekee wa kiume. Na wale wanaompigia kampeni wakaandika chini yake: huyu ndiye wa kumpa kura.

Nilimngoja ukumbini. Nikamwambia, "Umemuuliza Masouda?" Akasema, "Nitamwambia." Nikamwambia, "Sikukuuliza kama utamwambia, bwana wee! Nimekuuliza kama umemuuliza." Akapita.

Masouda hakuambiwa na mumewe. Aliona kwenye simu. Reem ndiye aliyempigia kutoka Sohar, analia, anauliza, "Mama, umekubali vipi?" na mama mtu hajui kakubali nini.

Alishuka ngazi bila ya mtandio, yeye ambaye hata mbele yangu hujitanda. Akamkuta Musallam anakula. Akasimama mbele yake akamwambia, "Nani kakupa ruhusa?"

"Mama Badr, kaa kitako."

"Nani kakupa ruhusa? Nilimbeba miye au ilimbeba sabla yako?"

Akamweleza mambo ya dasturi, vifinjani, wazee waliokuja na heshima zao. Masouda akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Haya. Wewe umesamehe fungu lako. Langu sijasamehe." Akarudi juu.

Na kweli, sheria ilikuwa upande wake. Msamaha wa jamaa unatakiwa utiwe saini na warithi, na Badr hakuoa wala hakuzaa, warithi wake ni baba yake na mama yake. Saini moja bila ya nyengine haitoshi. Basi ndugu yangu akawa kanaswa na ulimi wake mwenyewe. Shekhe gani huyo ambaye neno lake limeenea wilaya nzima, na ndani ya nyumba yake limekwama? Maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa kampeni walikuwa wanampigia simu wanamuuliza, mama mtu keshatia saini? Maan hakupiga. Alituma tu watu kuulizia hali ya Masouda, na mimi nilijua kuwa mzee wa watu halali kwa khofu ya mwanawe.

Musallam akaanza kumbembeleza mkewe. Akatumia kila kitu. Akamwambia Mungu anawapenda wenye kusamehe. Akamwambia Badr mwenyewe hakuwa mtu wa chuki, na hilo ni kweli, ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Masouda hamjibu. Anapika, anaandaa, anaosha, hamjibu. Mara nimeingia chumbani nikamkuta ndugu yangu kakaa ukingoni mwa kitanda cha mkewe anasema, "Nitaaibika, Masouda. Nitaaibika mpaka kaburini," na yule mwanamke anakunja nguo kama hapana mtu.

Halafu siku moja baada ya sala ya Ijumaa Masouda akamwita, na akaniita na miye nikae. Sauti yake ilikuwa imetulia.

Akamwambia, "Nna swali moja. Ukinijibu kweli, nitatia saini leo hii. Mwanangu umemtoa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kiti?"

Musallam akaapa. "Kwa ajili ya Mungu, Masouda. Mungu ni shahidi."

"Basi jitoe kwenye uchaguzi."

Hata miye sikuitaraji hiyo.

"Ukijitoa," alisema Masouda, "na miye nitajua ni kwa ajili ya Mungu. Nitamsamehe yule mtoto, nitamwombea na dua, nitasema Badr wangu kaenda sadaka. Naweza kulala nikijua hilo. Lakini siwezi, Musallam, siwezi kulala nnajua kauzwa. Hilo peke yake ndilo nnalokuomba, na sikukuomba kitu tangu unioe."

Ndugu yangu alilia. Alimshika mkono akambusu. Akasema, "Nitajitoa." Nilimsikia kwa masikio yangu. "Nitajitoa, Mama Badr, kiti si kitu." Alasiri ile aliingia sablani akakaa peke yake, na nilipompelekea maji alikuwa na uso ambao sijauona tangu enzi za barabara zake. Nikamwamini. Masouda naye akamwamini, na ofisi zilipofunguliwa akavaa baibui lake akaenda na mumewe akatia saini. Aliporudi alikula chakula kizuri, mara ya kwanza. Akanambia, "Wifi, mzigo umeshuka. Nahisi kama nimempa Mungu amana yake kwa mkono wangu."

Muda wa kujitoa ulikuwa bado upo. Asije mtu akasema haukuwapo. Musallam alivaa, akatoka kwenda kujitoa, na njiani, kwa sababu yeye ni shekhe na shekhe hafanyi kitu bila ya kuwaarifu watu wake, akapita kwa wazee wa kabila kuwaarifu. Hilo ndilo kosa lake la pili. La kwanza hakuuliza alipotakiwa kuuliza, na la pili akauliza pasipotakiwa. Wazee wakampigia makelele. Wakamwambia, sasa ndiyo unajitoa? Sasa, wilaya nzima inakutaja? Watasema umesamehe halafu umejuta. Wataona umepotewa na akili. Babu yako angefanya hivi? Na hapo wakamshika, maana ukimtajia Musallam babu yake umekwishamfunga kamba.

Hakujitoa. Wala hakusema. Alirudi nyumbani akasema kichwa kinamuuma.

Masouda aliijua habari njiani, anakwenda na miye kuzuru kaburi la Badr. Pale kwenye mzunguko wa barabara bango la Musallam lilikuwapo bado, na jipya kubwa zaidi limewekwa upande wa pili. Alimwambia dereva asimame. Akalitazama sana. Nikasema, kwa upumbavu wangu, "Labda hawajawahi kuliondoa." Akasema, "Hili la pili limewekwa leo, Shariffa. Gundi yake bado mbichi." Tukaenda kaburini, akasoma yasini yake, tukarudi.

Jioni alimuuliza mara moja tu, mbele ya chakula. Musallam akasema wazee wamemkatalia. Akasema haikuwa mikononi mwake tena. Akasema, na hapa ndipo nilipotaka kumpiga na sahani, kwamba kusamehe ni kwa ajili ya Mungu na kiti ni kwa ajili ya watu, na mambo mawili haya hayagusani. Masouda akatikisa kichwa taratibu. "Hayagusani," alisema. "Haya. Tuombe yasigusane." Na nnaapa alikuwa anaomba kweli. Alikuwa bado na tamaa. Akishindwa Musallam, au akishinda kwa kura za watu wengine, pengine moyo wake ungepata pa kujishikiza.

Siku ya kura watu walipiga kwa simu, kila mtu kwake. Mimi sikumpigia ndugu yangu, na nilimwambia usoni kuwa sikumpigia. Masouda hakugusa simu.

Akashinda. Akashinda kwa kura ambazo hajapata mtu katika wilaya ile, wenyewe wanavyosema.

Asubuhi yake sabla ilijaa mpaka watu wakakaa uani. Halwa, kahawa, uvumba, mashairi ya kumsifu. Ndugu yangu kavaa joho la baba, kakaa mahali pa juu, na kila anayeingia anamwita Mheshimiwa. Miye nilikuwa jikoni natia kahawa, na Masouda alikuja mwenyewe kunisaidia, akavaa vizuri, akapanga vifinjani. Nikafikiri, huyu mwanamke kaumbwa na nini? Tulikuwa wawili pale penye mlango.

Maan akaingia. Nilimjua kwa sauti. Alikuja na mwanawe, Alaa, na watu wakawapisha. Maan akasimama katikati, mwema yule, na uaminifu wake wote, akasema kwa Kiswahili chake, kwa nguvu, kila mtu asikie:

"Shekhe, mimi nimekuja na mtoto wangu kukupa hongera. Na nilisema mbele ya ndugu zangu wote, mtu aliyetupa damu hatuwezi kumwacha mikono mitupu. Hakuna mtu wetu aliyepiga kura pengine, si mwanamume si mwanamke. Wewe ulitupa kijana wetu, sisi tumekupa kiti chako. Leo tumelipana, Shekhe. Hatudaiani tena."

Watu wakasema, Allah, Allah, haya ndiyo maneno ya wanaume.

Masouda alikuwa kashika kifinjani. Hakukiangusha, alikiweka chini. Akanikamata mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi, na sote wawili tukangoja. Neno moja lingetosha. Angesema tu, "Hapana, bwana Maan, sikukupa kwa ajili ya hili." Hata kwa kucheka. Hata kwa kunong'ona, miye ningelisikia na ningelimwambia mkewe kuwa limesemwa. Lakini mgeni hapingwi katika sabla, mgeni akileta heshima hupokelewa, hivyo ndivyo tulivyolelewa wote wawili, na ndugu yangu ni shekhe mwana wa shekhe.

"Allah akulipeni kheri," alisema Musallam. "Ahsanteni. Nimepokea."

Masouda aliuachia mkono wangu. Alinitazama kama anayetaka kuhakikisha kuwa na miye nimesikia lile lile alilolisikia.

"Miye nilitia saini nikidhani nnampa Mungu," akasema.